Namna ya kuonja laga ya Kimarekani ya viwanda vidogo: mwongozo kamili

"Haya ni maji tu." Ndivyo wasemavyo wengi baada ya kufungua kopo la laga ya Kimarekani kutoka kiwanda kidogo, wakaigida ikiwa imekaribia kuganda, kisha wakashangaa kwa nini wameilipia bei kubwa kuliko bia ya kawaida. Mara nyingi bia haina kosa. Imenywewa baridi mno, moja kwa moja kutoka kwenye kopo, baada ya nyama choma yenye pilipili, na mnywaji alikuwa anatafuta kishindo cha IPA, ile bia yenye uchungu na harufu kali, mahali ambapo hakikuwekwa.

Laga hii ni bia ya mambo madogo. Inapikwa iwe nyepesi, safi, na imalizike bila kuacha utamu mdomoni, kwa hiyo kila kilichomo kinajitokeza: ustadi wa mpishi na uzembe wake pia. Ndiyo maana kuionja kunategemea maandalizi kuliko ulimi wenye kipaji. Ukipatia joto, glasi na upya wa bia, utazipata ladha ambazo ulikuwa unaapa hazipo.

## Kwanza, ni laga ipi?

Kuna bia mbili zinazobeba jina hili, na kuzichanganya ndiko kunakowapotosha watu.

Ya kwanza ni laga ya kawaida ya Kimarekani, ile iliyoenezwa duniani na viwanda vikubwa. Mwongozo wa mitindo wa BJCP, taasisi ya Marekani inayowapa vyeti waamuzi wa mashindano ya bia, unaipa kilevi cha asilimia 4.2 hadi 5.3 na uchungu wa IBU 8 hadi 18. IBU ni kipimo cha uchungu unaotokana na hopsi, maua yanayotiwa kwenye bia ili kuipa uchungu na harufu. Viwanda vidogo navyo huipika siku hizi, tena kwa uangalifu mkubwa.

Ya pili ni laga ya mtindo uliokuwapo kabla ya Marekani kupiga marufuku pombe nchi nzima, marufuku iliyodumu kuanzia 1920 hadi 1933. Nafaka ni zilezile: kimea cha shayiri pamoja na mahindi au mchele. Lakini hii ina uzito zaidi mdomoni, kilevi cha asilimia 4.5 hadi 6, na uchungu wa IBU 25 hadi 40. Kwenye kopo tafuta maneno "Pre-Prohibition", yaani kabla ya marufuku. Deer Brand ya kiwanda cha August Schell, kilichoko New Ulm, Minnesota, ni mfano mzuri wa kuanzia.

Ukiionja ya kwanza ukidhani ni ya pili, utaiona dhaifu. Ukiionja ya pili ukidhani ni ya kwanza, utasema ni chungu. Soma kopo kabla ya kutoa hukumu.

Neno moja kuhusu mahindi. Hapa mahindi si uchakachuaji. Shayiri ya safu sita iliyokuwa imezoeleka Marekani zamani ina protini nyingi na vimeng'enya vingi. Mahindi au mchele, ambayo katika mtindo wa zamani huwa kiasi cha asilimia 20 hadi 30 ya nafaka yote, hupunguza ile protini na kuifanya bia iwe angavu na nyepesi. Vimeng'enya vya shayiri hiyo vinatosha kugeuza wanga wa nafaka zote mbili kuwa sukari. Hata chama cha watengenezaji wa bia za viwanda vidogo cha Marekani, Brewers Association, kilibadili ufafanuzi wake mwaka 2014 na kuacha kuwatenga wanaotumia nafaka hizo. Anayeidharau laga kwa sababu ina mahindi amehukumu orodha ya malighafi, bia yenyewe bado hajaionja.

## Vitu vya kuandaa

- Makopo mawili ya laga unayotaka kuijua, mililita 355 kila moja.
- Makopo mawili ya laga ya kiwanda kikubwa, ya kulinganishia.
- Kopo moja la laga ya kimea kitupu, isiyo na mahindi wala mchele. Pilsna ya Kijerumani inafaa sana. Aliye Afrika Mashariki anaweza kutumia Tusker Malt.
- Glasi tatu zinazofanana, za kioo cheupe kisicho na nakshi, zenye ujazo wa mililita 300 hadi 400.
- Kipimajoto cha jikoni.
- Sabuni ya maji isiyo na manukato, brashi inayotumika kwa glasi hizo pekee, na chumvi kidogo.
- Visahani vitatu vya kufunikia glasi.
- Maji ya kunywa yasiyo na gesi wala harufu ya klorini.
- Mkate mweupe wa kawaida, usiopakwa kitu.
- Karatasi nyeupe na kalamu.

Panga kuonja na watu wawili watatu. Kopo moja la mililita 355 lenye kilevi cha asilimia 5 lina gramu 14 hivi za kilevi halisi, na hapa una makopo matano. Kila mtu akipata mililita 100 hadi 120 kwa kila bia inatosha kabisa. Anayeendesha gari asiwe miongoni mwa waonjaji.

## Hatua ya 1: Nunua bia mpya

Laga ya aina hii haizeeki kwa uzuri. Tafuta tarehe ya kufungashwa, ambayo mara nyingi huchapwa chini ya kopo. Chukua isiyozidi miezi mitatu, na iwe imekaa kwenye friji ya duka, isiwe ya kwenye rafu iliyo karibu na dirisha.

Angalia mpangilio wa tarehe. Wamarekani huanza na mwezi: 04/09 kwao ni tarehe 9 Aprili. Ukisoma kwa mazoea yetu utadhani ni tarehe 4 Septemba, na utanunua bia iliyozeeka miezi mitano huku ukijipongeza.

Joto ndilo linaloizeesha bia haraka kuliko yote. Wafanyabiashara wa bia wana kanuni ya kukadiria: uzee unaoingia kwa siku 3 kwenye nyuzi 32 za Selsiasi ni sawa na wa siku 30 kwenye nyuzi 22, na sawa na wa siku 300 kwenye nyuzi 3. Kopo lililosahaulika wiki nzima kwenye stoo ya Dar es Salaam au Mombasa limezeeka, hata kama tarehe yake bado ni nzuri.

Kopo ni bora kuliko chupa kwa sababu halipitishi mwanga. Ikibidi chupa, iwe ya kahawia. Ya kijani au isiyo na rangi iliyowahi kukaa juani iache hapohapo dukani.

## Hatua ya 2: Ipoze polepole, isipite kiasi

Weka makopo yakiwa wima kwenye friji tangu jana yake. Lengo ni bia iwe kwenye nyuzi 4 hadi 6 wakati wa kufungua.

Ukiwa na haraka, tumbukiza makopo kwenye ndoo ya maji na barafu, ongeza chumvi konzi moja, uyageuzegeuze. Yatapoa ndani ya dakika 15 hadi 20. Usiyaweke kwenye friza ukaenda kufanya mambo mengine: bia ikiganda hupasua kopo, na hata isipopasua, ikiyeyuka huwa imepoteza gesi na kuingia ukungu.

Kwa nini isiwe baridi zaidi? Chini ya nyuzi 3 ulimi unakufa ganzi na harufu zinabaki ndani ya bia. Utahisi gesi na ubaridi, basi. Kwenye baa zetu mhudumu huuliza, "Baridi au moto?" Kwa kuonja, jibu liko katikati: ianze baridi kiasi, kisha uiache ipate joto mbele yako.

## Hatua ya 3: Safisha glasi mpaka iwe safi kweli

Hapa ndipo kazi huharibika, na ndipo watu huwa na haraka zaidi. Glasi inayong'aa kwa macho inaweza kuwa na utando wa mafuta kutoka kwenye sufuria zilizooshwa nayo, au mabaki ya sabuni. Mafuta hubomoa povu kwa dakika moja. Sabuni yenye manukato ya limau huingia kwenye harufu ya bia, na wewe ukaandika "hopsi zenye limau".

Osha glasi kwa maji ya moto, sabuni isiyo na manukato na ile brashi ya peke yake. Suuza mara tatu. Ziache zikauke zenyewe zikiwa zimeinamishwa juu ya rafu yenye matundu. Usizifute kwa kitambaa, kwani kitambaa huacha nyuzi na harufu ya jikoni, na usizigeuze mdomo chini juu ya meza tambarare, zitabaki na harufu ya unyevu.

Kisha zijaribu kwa njia mbili. Chovya glasi kwenye maji safi na uitoe: maji yakitiririka kama utando mmoja usiokatika, ni safi, yakijikusanya matone matone, kuna mafuta. Au nyunyiza chumvi ndani ya glasi iliyo na unyevu: chumvi ikishika kila mahali sawasawa, ni safi, ikiacha mapengo, rudia kuosha, kisha suuza chumvi yote.

Kabla ya kumimina, suuza glasi kwa maji baridi. Siku ya joto, glasi nene iliyokaa mezani hupandisha joto la bia kwa nyuzi kadhaa papo hapo. Lakini usitumie glasi iliyogandishwa. Barafu iliyoshika ndani hulipua povu, huyeyuka na kuongeza maji kwenye bia, na hurudisha lile tatizo la ganzi.

## Hatua ya 4: Andaa mdomo na chumba

Saa moja kabla, usinywe kahawa, usile pilipili, usitafune miraa wala bazoka, na usipige mswaki. Rangi ya midomo ifutwe, nayo ni mafuta. Manukato mazito mwilini yaachwe siku hiyo.

Chumba nacho kisiwe na harufu. Nyumba iliyofukizwa udi asubuhi, au iliyokaangwa samaki, haifai kwa kazi hii mpaka ifunguliwe madirisha ikapata hewa ya kutosha. Kaa penye mwanga wa mchana, lakini jua lisiipige bia.

## Hatua ya 5: Mimina kwa nguvu ya kutosha

Anza na laga ya kiwanda kikubwa, ifuate ya kimea kitupu, na ile unayoichunguza iwe ya mwisho. Uchungu mkali ukitangulia utafunika bia nyepesi zinazofuata. Ikiwa unayoichunguza ni ile ya kawaida yenye uchungu mdogo, ipe nafasi ya pili, na pilsna ije mwisho.

Inamisha glasi nyuzi 45, mimina kwenye ubavu wake hadi nusu ya kiasi unachotaka, kisha isimamishe na umalizie katikati ili povu lipande. Unataka povu la sentimita 2 hadi 3.

Wengi humimina kwa woga ili povu lisipande. Hilo ni kosa. Povu likipanda, gesi iliyozidi hutoka na harufu hupanda nayo. Bia isiyotolewa povu hukuchoma ulimi kwa gesi na kukujaza tumbo.

## Hatua ya 6: Tazama, bila kupoteza muda

Inua glasi mbele ya ile karatasi nyeupe. Laga ya kawaida ni ya rangi ya majani makavu yaliyopauka. Ile ya mtindo wa kale huanzia hapo na kufika dhahabu. Zote mbili ziwe angavu kiasi cha kuweza kusoma maandishi upande wa pili wa glasi.

Ikiwa na ukungu, usikimbilie kuilaumu. Subiri ipate joto: ukungu ukiondoka, ulikuwa wa ubaridi tu, protini zilizoshikana. Ukibaki, na hasa ukiambatana na uchachu, tatizo ni kubwa zaidi.

Povu la laga ya kawaida halidumu sana, kwani mahindi hayaleti protini ya kulishikilia. La mtindo wa kale linapaswa kuwa zito, jeupe, na kuacha alama za mviringo ubavuni mwa glasi kila unapopiga funda. Mapovu makubwa yaliyong'ang'ania ubavuni chini ya bia ni ishara ya glasi chafu. Rudi hatua ya 3.

## Hatua ya 7: Nusa kabla ya kuonja

Harufu za bia hii ni hafifu na zinatoweka haraka, kwa hiyo fuata mpangilio.

Kwanza, pitisha glasi chini ya pua, kama sentimita 10 hivi, ukivuta pumzi ya kawaida. Harufu za salfa hutoka mwanzoni kabisa, na zinaweza kukukwepa ukichelewa.

Pili, ingiza pua kwenye glasi, vuta pumzi fupi mbili tatu kama mbwa anayefuata harufu. Usivute moja ndefu. Pua huchoka na kuzoea.

Tatu, funika glasi kwa kisahani, izungushe taratibu kwa sekunde tano, funua, nusa tena. Pua ikichoka, nusa kiwiko chako au mkono wa shati. Harufu yako mwenyewe umeizoea, kwa hiyo huipa pua mapumziko.

Utafute nini? Kimea cha bia hii hunukia kama mkate mweupe usio na ganda, au unga mkavu. Mahindi hujitokeza kama utamu mwepesi wa nafaka, ule wa bisi zisizotiwa chumvi au wa unga wa sembe ukiwa bado mkavu. Iliyopikwa kwa mchele karibu haina harufu ya nafaka, na ndivyo inavyotakiwa.

Hopsi hapa zinukie maua, nyasi kavu, majani ya dawa au viungo hafifu. Cluster, hopsi ya zamani ya Marekani, huleta kitu cha udongo na maua pamoja; hopsi za Ulaya kama Saaz na Hallertau ni laini zaidi. Ukisikia pasheni, embe au balungi kwa nguvu, mpishi ametumia hopsi za kisasa. Bia inaweza kupendeza sana, lakini si ya mtindo huu, na usiipime kwa mtindo huu.

Umefanikiwa ukiweza kutaja angalau harufu moja ya nafaka na moja ya hopsi kabla bia haijagusa mdomo.

## Hatua ya 8: Onja kwa mafunda matatu

Funda la kwanza ni la kusafisha njia. Lizungushe mdomoni, umeze, usihukumu chochote. Mdomo unaondoa ladha ya mkate na maji na kuzoea gesi.

Funda la pili ndilo la kazi. Chukua kiasi cha kijiko kikubwa, kishikilie sekunde tatu hadi tano, kiache kienee pande zote hadi nyuma ya ulimi. Meza. Hapohapo funga mdomo na utoe pumzi kwa puani. Sehemu kubwa ya tunachokiita ladha ni harufu inayopanda puani kutokea kooni, na anayemeza bila kutoa pumzi hiyo anaikosa. Waonjaji wa mvinyo hutema. Wa bia humeza, kwa sababu uchungu wa hopsi hukamilika baada ya bia kupita nyuma ya ulimi.

Funda la tatu ni la mwisho wa ladha. Meza, kisha hesabu kimyakimya. Utamu wa nafaka unatakiwa uondoke mapema, uchungu ubaki kidogo, halafu mdomo uwe mkavu na utake funda lingine. Laga ya kawaida humalizika karibu mara moja. Ya mtindo wa kale huacha uchungu unaodumu kwa muda, lakini laini, usiokwaruza.

Kisha angalia uzito wake mdomoni. Gesi inapaswa kuwa changamfu, ichome kidogo kwenye ncha ya ulimi. Ukihisi ukakasi, ule wa ndizi mbichi unaokausha fizi, usiuchanganye na uchungu. Uchungu ni ladha. Ukakasi ni mguso. Mara nyingi hutoka kwenye maganda ya nafaka yaliyosuuzwa kupita kiasi kiwandani, nao ni dosari.

Kati ya bia na bia, kula kipande cha mkate na unywe maji. Subiri dakika mbili.

Mpaka hapo, linganisha laga yako na ile ya kimea kitupu. Ya kimea itakuwa nzito na yenye mkate zaidi. Ya mahindi itakuwa nyepesi katikati ya ulimi, na utamu wake utakuja mwanzoni kisha utoweke. Tofauti hiyo ndiyo mtindo wenyewe. Ukishaihisi mara moja, hutaiita tena maji.

## Hatua ya 9: Iache ipate joto, urudie

Acha theluthi ya bia kwenye glasi, ifunike, ishike kwa viganja. Pima: ikifika nyuzi 10 hadi 12, nusa na uonje tena.

Hii ndiyo hatua ambayo wengi huiruka, nayo ndiyo inayosema ukweli. Ubaridi huficha kasoro. Laga iliyopikwa vizuri ikiwa kwenye nyuzi 12 hupoteza uchangamfu wake lakini hubaki safi: mkate, nafaka, hopsi. Iliyopikwa vibaya huanza kunukia siagi, mboga za kuchemsha au karatasi.

## Kasoro na chanzo chake

Mahindi ya kopo, kabichi iliyochemshwa. Hii ni DMS, kiambata cha salfa, na ndiyo inayowachanganya watu kuliko zote kwa sababu wanadhani ndiyo ladha ya mahindi yaliyotiwa kwenye bia. Kwa kawaida hutokana na kimea cha shayiri chenyewe. Kimea cheupe kina kiambata ambacho kikipata joto hugeuka DMS. Mchemko mkali usiofunikwa huirusha hewani, na kupoza haraka baada ya mchemko huizuia isizaliwe upya. Bia isiyo na punje ya mahindi inaweza kuwa nayo. Ili kutofautisha, kumbuka kwamba mahindi halisi kwenye bia ni utamu mkavu wa nafaka, na DMS ni mboga iliyoiva kwenye maji.

Siagi, utelezi mdomoni. Ni diasetili. Hamira huitoa wakati wa kuchacha kisha huila tena ikiachiwa muda na joto kidogo mwishoni. Mpishi aliyeharakisha kupoza bia ameikatiza kazi hiyo. Ukiikuta kwenye bia ya bomba tu, na ya kopo haina, shuku mabomba ya baa: bakteria wa kwenye mabomba machafu nao huitoa. Mabomba yanatakiwa kusafishwa kila wiki mbili.

Tofaa bichi lililokatwa. Asetaldehidi, bia imetolewa changa.

Yai viza. Salfa ya hamira ya laga. Ikiwa hafifu na ikaondoka baada ya dakika moja, si kasoro. Ikikaa, bia haikupewa muda wa kutulia kwenye baridi, kazi inayohitaji wiki kadhaa karibu na nyuzi 0.

Kicheche, mpira ulioungua. Bia imepigwa na mwanga. Jua huvunja viambata vya uchungu vya hopsi na kuzaa kiambata cha salfa chenye harufu kali ajabu. Kwenye glasi iliyo juani inachukua dakika chache tu, ndiyo maana ya kukaa kivulini. Kosa hili ni la muuzaji au lako, mpishi hahusiki.

Karatasi, boksi lililolowa. Oksijeni na uzee. Ladha ya hopsi hupotea kwanza, kisha boksi huingia.

Chuma, sarafu mdomoni. Paka matone mawili nyuma ya kiganja, sugua, nusa. Harufu ya chuma ikipanda, ni ya kwenye bia kweli. Isipopanda, huenda ilitoka kwenye ukingo wa kopo, na umekumbushwa kwa nini tunatumia glasi.

Uchachu. Laga hii haina nafasi ya uchachu wa ndimu au maziwa ya mgando. Ni bakteria. Mwaga.

## Hatua ya 10: Andika papo hapo

Kumbukumbu ya harufu haikai. Waamuzi wa BJCP hutoa alama 50: harufu 12, mwonekano 3, ladha 20, mguso mdomoni 5, na jumla ya bia 10. Mgawanyo huo ni wa kuiga hata nyumbani, maana unakukataza kuipa bia alama kwa sababu ya kopo zuri au povu la kupigia picha.

Epuka "nzuri", "laini", "inanyweka". Andika kitu ambacho mtu mwingine anaweza kukihakiki, kwa mfano: "Nyuzi 6. Dhahabu iliyopauka, angavu, povu limedumu dakika tatu. Mkate mweupe, sembe kavu, maua hafifu. Utamu mfupi mwanzoni, uchungu wa wastani unaokaa sekunde 15, mwisho mkavu. Nyuzi 12: hakuna siagi, hakuna mboga. Nafaka imejitokeza zaidi."

Andika joto kila mara. Maelezo yasiyo na joto hayalinganishiki na ya siku nyingine.

## Hatua ya 11: Jipime kwa glasi tatu

Sasa tumia makopo mawili yaliyobaki, moja la laga yako na moja la kiwanda kikubwa. Fanya hivyo siku nyingine, ulimi ukiwa haujachoka.

Mwenzako ajaze glasi tatu nje ya macho yako, mililita 30 tu kila moja: mbili bia moja, ya tatu bia nyingine. Zote ziwe na joto lilelile, maana tofauti ya nyuzi mbili inatosha kukupa jibu bila kuonja. Kama rangi zinatofautiana, funga macho au zungushia glasi karatasi. Nusa na uonje zote, kisha taja iliyo tofauti.

Kwa kubahatisha tu utapatia mara moja kati ya tatu, kwa hiyo jaribio moja halithibitishi kitu. Rudia mara sita, mwenzako akibadilisha mpangilio na ni bia ipi inayorudiwa. Mililita 30 zinatosha: raundi sita za glasi tatu ni mililita 540, nazo unazo kwenye makopo mawili. Ukipatia tano au zaidi kati ya sita, unazitofautisha kweli. Ukipatia nne, bahati bado inaweza kuwa imekusaidia. Ongeza joto la bia hadi nyuzi 10 na urudie siku nyingine, ukianza kwa pua na si kwa ulimi.